Ameajiriwa kwa Saa Moja

Ndugu Mwenyekiti, mkuu wa chuo, walimu, wazazi wenzangu. Shikamooni mlionizidi umri, ingawa naona safari hii hampo wengi. Wahitimu, hongereni sana. Majoho yamewapendeza.

Nimepewa dakika ishirini, na mada niliyopewa inataka wiki nzima: ukosefu wa ajira, na kama takwimu zake zinaaminika. Nilipokuwa nashuka kwenye bajaji pale getini, mzazi mmoja aliniwahi kabla sijalipa nauli. "Mzee, si wewe ndiye mtu wa takwimu? Hebu nieleze. Redioni wanasema ukosefu wa ajira unashuka. Mimi nyumbani ninao watatu, wote wamesoma, wote wapo sebuleni. Nani muongo, mimi au redio?" Nikamwambia aingie akae, nitamjibu humu ndani. Namwona, mstari wa pili, amekunja mikono.

Mama, hakuna muongo. Redio inajibu swali moja na wewe unauliza jingine, ila maswali yote mawili yamevaa nguo moja.

Nimefanya udadisi miaka mingi. Kwa msiomjua mdadisi, ni yule mtu anayekuja kwako na mjumbe wa mtaa, begi begani, zamani na dodoso la karatasi nene kama msahafu, siku hizi na kishikwambi, anakaa kwenye kigoda chako na kukuuliza una choo cha aina gani. (Kicheko.) Katika utafiti wa nguvu kazi, habari za choo ni kidogo. Tunauliza kazi, tena kazi, na kazi.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwenye mtaa mmoja wa Temeke. Kaya ya mama mmoja, wanawe na mjukuu. Tukafika kwa kijana wa miaka 24, mwenye diploma ya ununuzi na ugavi. Mama akanikatiza kabla sijauliza: "Huyo andika hana kazi. Cheti chake kipo kwenye bahasha juu ya kabati, mwaka wa tatu huu. Katuma maombi mpaka hela ya kutolea kopi imekwisha." Lakini utaratibu wetu ni kwamba mwenyewe akiwepo, aulizwe mwenyewe. Wakamwita. Akatokea uani, ndala zake zimegandwa na saruji.

Nikamsomea swali lilivyo, maana mdadisi haruhusiwi kulipamba. Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya malipo au ya faida, hata kwa saa moja tu?

"Hapana. Sina kazi."

Nikaziangalia zile ndala. Mafunzo yanatutaka tuchimbe kidogo. Nikamuuliza, hata kibarua? Hata deiwaka?

Akacheka. "Aa, hizo siyo kazi, mzee. Jumanne nilikuwa saidia fundi hapo kwa jirani, tunachanganya zege. Nikapata elfu saba."

Kwa muda wa saa ngapi? "Kama nne hivi, mvua ikatufukuza."

Nikajaza. Kwa kipimo cha kimataifa, kijana yule ameajiriwa. Anaingia safu moja na meneja wa benki, safu moja na rubani. Mama alikuwa ananichungulia begani, akauliza nimeandikaje. Nikamweleza. Akashika kiuno. "Ameajiriwa? Na nani? Mbona hajaniambia?"

Sikuwa na la kumjibu, na nimelibeba swali lake mpaka leo. Mama yule, kijana yule na mimi, hakuna aliyedanganya. Mimi niliuliza habari ya kazi, yeye akanijibu habari ya ajira. Sisi Waswahili tunavitofautisha vitu hivi vizuri sana. Kazi ni kulima, kufua, kuuza mihogo, kubeba zege. Ajira ni barua yenye mhuri, mshahara unaoingia tarehe inayojulikana, michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na mtu wa kumwambia unaumwa. Kati ya hivyo viwili kuna uwanja mkubwa tulioupa majina mengi kwa sababu ndimo wengi wetu tunamoishi: kibarua, deiwaka, mishemishe, kubangaiza, uwinga wa Kariakoo, bodaboda ya hesabu ambayo pikipiki ni ya tajiri na kila jioni anataka chake, upate abiria usipate. Ukimkuta mmoja wa hawa na kumuuliza "unafanya kazi?", atakwambia anashughulika. Dodoso langu halikuwa na kisanduku cha kushughulika.

Sasa niwape kanuni yenyewe, maana watu wengi wanaitukana bila kuijua. Mwaka 1982 wataalamu wa takwimu za kazi walikutana chini ya Shirika la Kazi Duniani, ILO, wakakubaliana kwamba mtu hana ajira akitimiza masharti matatu kwa pamoja: hakufanya kazi hata saa moja katika kipindi kinachoulizwa, yuko tayari kufanya akiipata, na anaitafuta. Yote matatu. Likikosekana moja tu, hesabu ya wasio na ajira haimtambui. Aliyebeba zege Jumanne ana ajira. Aliyechoka kuzungusha bahasha akaamua kukaa, huyo hatafuti, kwa hiyo yuko nje ya nguvu kazi kabisa, maana nguvu kazi ni wenye ajira na wanaoitafuta tu. Yuko huko nje pamoja na bibi aliyestaafu na mwanafunzi wa bwenini.

Hapo kwenye kukata tamaa pana mtego. Chukueni watu 100 walio kwenye nguvu kazi, kumi kati yao hawana ajira. Asilimia 10. Wanne katika wale kumi wakate tamaa, waache kutafuta. Nguvu kazi inabaki watu 96, wasio na ajira wanabaki sita. Asilimia sita na robo. Kiwango kimeshuka, wala hakuna hata mmoja aliyepata kazi.

Msidhani waliotunga ile saa moja walikuwa wajinga. Walitaka kila jasho linaloingia kwenye pato la taifa lionekane pia kwenye hesabu ya watu. Kama zege la Jumanne limehesabiwa kwenye ujenzi, aliyelichanganya naye ahesabiwe. Mimi naiona hoja hiyo ni nzuri. Ugumu unaanza pale kipimo hicho kinapoletwa nchi ambayo wengi wa wasio na kazi hawalipwi chochote. Kwenye nchi zenye posho ya wasio na ajira, mtu anaweza kukaa miezi kadhaa akitafuta kazi inayolingana na ujuzi wake, na siku zote hizo anahesabika hana ajira. Huku kwetu ukikaa unalala njaa. Kwa hiyo unashika chochote, na ukishashika chochote umeajiriwa.

Ndiyo maana nasema, na wenzangu wengine kazini hawapendi niseme, kwamba takwimu hii kwa nchi kama yetu inapima zaidi nani anayeweza kumudu kusubiri. Mtoto wa mwenye mshahara, aliyerudi nyumbani na shahada yake, baba anamlisha, anaweza kutuma maombi mwaka mzima. Huyo ataonekana. Mtoto wa mama lishe aliyeachia darasa la saba na kuanza kuosha vyombo pale pale kwa mama yake, kwenye vitabu hajawahi kukosa ajira hata siku moja. Ukitazama takwimu zetu, vijijini ukosefu wa ajira ni mdogo na Dar es Salaam uko juu. Mgeni angedhani vijana wanakimbia Dar kwenda kijijini kufuata kazi. Mabasi ya stendi ya zamani ya Ubungo na ya stendi ya sasa ya Magufuli yanasema vingine.

Nchi yetu iliuona upungufu huu mapema, na tuipe haki yake. Tulitunga tafsiri yetu ya kitaifa, pana kuliko ile ya kimataifa: anahesabiwa pia aliye tayari kufanya kazi ingawa hatafuti, na baadhi ya wale walioishika kazi kwa uzi mwembamba. Katika utafiti wa 2000/01 kipimo cha kimataifa kilitoa asilimia 5.1, na cha kitaifa kikatoa 12.9. Watu ni wale wale, nyumba zile zile, majibu yale yale. Tafsiri ndiyo iliyobadilika, namba ikapanda zaidi ya mara mbili. Kwa tafsiri hiyo ya kitaifa tulikuwa na asilimia 11.7 mwaka 2006, na 10.3 mwaka 2014. Ndiyo kushuka ambako mama amekusikia redioni. Kweli kiwango kilishuka. Lakini asilimia ni kipande cha keki, na keki yenyewe inakua. Sensa ya 2012 ilitukuta milioni 44.9, ya 2022 ikatukuta milioni 61.7. Asilimia 12 ya watu milioni 20 ni milioni 2.4; asilimia 10 ya watu milioni 28 ni milioni 2.8. Namba hizo mbili nimezitoa kichwani kwa mfano tu, msizinukuu. Ila mnaona jinsi kiwango kinavyoweza kushuka na sebule zikazidi kujaa.

Waliopata somo hili kwa kishindo ni Wanigeria. Ofisi yao ya takwimu ilikuwa na kanuni kali: ukifanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki, huna ajira. Mwishoni mwa 2020 walitangaza asilimia 33.3. Kisha wakabadili, wakafuata saa moja ya kimataifa, na mwaka 2023 wakatangaza kwamba robo ya kwanza ya mwaka huo ilikuwa asilimia 4.1. Kutoka theluthi moja ya nguvu kazi hadi mmoja kati ya ishirini na nne hivi! Watu walicheka kwa uchungu. Kisheria na kitaalamu hakukuwa na kosa. Kipimo kipya kinalinganishwa na nchi nyingine, cha zamani kilikuwa chao peke yao. Lakini mtu aliyekuwa anauza maji ya pakiti kwenye foleni za Lagos aliamka akiwa ameajiriwa, na maji ni yale yale.

Afrika Kusini ubishi umekwenda upande wa pili. Kule kiwango rasmi kiko juu ya asilimia 30 miaka mingi sasa. Robo ya mwisho ya 2021 kilifika 35.3, na ukiwajumlisha waliokata tamaa kilipita 46. Katikati ya 2025 mkuu wa benki ya Capitec, Gerrie Fourie, akasema namba hiyo imezidi, kwamba ukiwaangalia watu wa biashara ndogo ndogo mitaani, kiwango halisi ni karibu asilimia 10. Ofisi ya takwimu ikamjibu kwamba wachuuzi wanahesabiwa siku zote. Mimi kwenye ugomvi ule nilikuwa upande wa wadadisi, na si kwa undugu tu. Mwenye benki anaona miamala ya wateja wake. Asiye na akaunti, asiye na hata cha kuweka kwenye akaunti, huyo atamwonea wapi? Mdadisi anamfuata mlangoni.

Sasa je, kipimo hiki kitupwe? Hapana. Kinashtuka mshtuko unapokuja. Majirani zetu Kenya robo ya kwanza ya 2020 walikuwa na asilimia 5.2; korona ikaja, kukawa na marufuku ya kutoka usiku na hoteli zikafungwa, robo ya pili ikasoma 10.4. Mara mbili kamili. Kufika mwisho wa mwaka ilikuwa imerudi 5.4. Hapo ndipo unapotakiwa kuuliza: wamerudi wapi? Maana Wakenya hao hao, wakiripoti ajira mpya za mwaka 2024, walisema zimepatikana 782,300, na kati ya hizo 703,700 ni za sekta isiyo rasmi, jua kali kama wanavyoiita wao. Tisa katika kila kumi. Mwaka huo huo vijana wa Nairobi walijaa barabarani mwezi wa sita. Sisemi ajira peke yake ndiyo iliyowatoa nyumbani, kulikuwa na Muswada wa Fedha. Nasema tu kwamba ukiishia kusoma asilimia tano, vijana wale watakushangaza.

Nimesema kanuni ina kasoro zake na zinajulikana. Kinachonitisha zaidi ni mkono wa mkubwa kwenye daftari. Uhindi, utafiti wa 2017/18 ulitoa asilimia 6.1, kiwango kikubwa kuliko vyote kwa miongo zaidi ya minne. Ripoti ikakaliwa. Januari 2019 kaimu mwenyekiti wa tume ya takwimu akajiuzulu, ripoti ikavuja magazetini, na serikali ikaitoa rasmi mwishoni mwa Mei, uchaguzi umekwisha. China ilitangaza kwamba vijana wa mijini wasio na ajira Juni 2023 ni asilimia 21.3, na Agosti ikasema basi, haitangazi tena kwa sasa. Iliporudi, kipimo kilikuwa kimewaondoa wanafunzi, na Desemba ikasoma 14.9. Marekani, ambako tulikuwa tunapelekwa kujifunza namna ya kulinda takwimu, tarehe 1 Agosti 2025 ofisi yao ilitoa ripoti dhaifu ya ajira, na kurekebisha za Mei na Juni kwa kuzipunguza nafasi 258,000. Siku hiyo hiyo Rais Trump akamfukuza mkuu wa ofisi, Erika McEntarfer. Marekebisho ni jambo la kawaida, majibu ya waajiri waliochelewa yakiingia namba inasogea. Ila sasa fikirieni atakayekaa kwenye kiti kile na kukuta namba mbaya mezani, Ijumaa asubuhi.

Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Septemba 2018 sheria yetu ya takwimu ilirekebishwa ikawa ni kosa kutoa takwimu zinazopinga au kutia doa takwimu rasmi, faini isiyopungua milioni kumi au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Mwaka uliofuata, Juni 2019, kifungu hicho kikalegezwa. Nilikuwa bado kazini. Nawaambieni sisi tuliokuwa tunazikusanya hizo takwimu rasmi hatukufurahia ulinzi ule. Namba ambayo mtu akiipinga anafungwa, hata ikiwa sahihi nani ataiamini? Ilikuwa inatushushia sisi wenyewe heshima mtaani. Unagonga hodi, mtu anakuangalia kama askari.

Lakini, na hapa ninyi vijana mtaninunia, umati nao ni takwimu mbaya. Mnakumbuka 2014, Uwanja wa Taifa, zaidi ya watu 10,000 wamekuja kwenye usaili wa nafasi 70 za Uhamiaji. Mnaikumbuka zaidi ile ya 2025, nafasi 1,596 za Mamlaka ya Mapato, TRA, waombaji 135,027. Zaidi ya 84 kwa kila kiti. Picha zile zilizunguka kwenye makundi yote ya WhatsApp na kila mtu akaandika, "huu ndio ukosefu wa ajira halisi." Siyo. Katika umati ule kulikuwa na walimu wa shule binafsi, wahasibu wa maduka, mawakala wa miamala waliofunga vibanda siku hiyo, na bila shaka baadhi yenu hapa ambao mna kazi tayari. Umati ule unaonyesha ni wangapi wanaitaka kazi ya serikali kuliko waliyo nayo. Ni habari nzito, tena nzito sana, ila ni habari ya ubora wa kazi zilizopo. Ukitaka kuijua hiyo kwa namba, acha kiwango cha ukosefu wa ajira, fungua kurasa za nyuma za ripoti ile ile.

Kurasa za nyuma hakuna anayezisoma. Waandishi wa habari wanachukua namba ya kwanza na kukimbia nayo. Huko nyuma mnakuta wangapi wanafanya kazi saa chache wakati wanataka zaidi. Mnakuta wastani wa kipato, wanaume peke yao na wanawake peke yao, na tofauti yao inaumiza. Mnakuta wangapi wana mkataba wa maandishi. Mnakuta vijana ambao hawako shuleni, hawako kazini wala hawako mafunzoni. Tangu 2013 ILO yenyewe imependekeza vipimo vinne, nchi isiishie kwenye kimoja, na mkulima anayelima cha kula tu asihesabiwe tena kuwa ameajiriwa. Kwa hiyo anayekusomea namba moja peke yake, awe waziri au mpinzani, muulize zile nyingine tatu ziko wapi.

Mama wa mstari wa pili, wanao watatu. Mmoja uliniambia getini anashinda kwenye laini za fedha za shangazi yake siku mbili kwa wiki. Huyo ana ajira. Wa pili anatuma maombi, hana ajira. Wa tatu uliniambia amekata tamaa, analala mpaka saa nne. Huyo kwa kipimo cha kimataifa hayupo kabisa, kwa kipimo chetu cha kitaifa yupo, mradi aseme akiipata kazi ataifanya. Wote watatu wako sebuleni kwako, wanakula chungu kimoja.

Siku mdadisi akibisha hodi kwako, mama, usimjibie mwanao. Usimwambie "huyo yupo yupo tu." Mwite aje mwenyewe, na ninyi wahitimu mkiitwa njooni. Mtamkuta mtu amechoka, ametembea nyumba kumi na mbili juani, mbwa wawili wamemkimbiza. Mpeni maji. Akiwauliza saa, tajeni saa zenyewe, nne kama ni nne. Akiuliza mlilipwa kiasi gani, semeni elfu saba kama ni elfu saba, msione haya na msizidishe. Akiuliza kama mnataka saa zaidi, hilo ndilo swali la kulisubiri, liko mbele kidogo na wengi wanakuwa wamechoka wanajibu "andika tu chochote." Wakijibu hivyo, nasi tunaandika.

Mwenyekiti naona umesimama, bila shaka ishirini zimekwisha. Nina nafasi ya maswali mawili, na la kwanza nimpe yule kijana wa nyuma mwenye kofia, maana ameinua mkono tangu nilipomtaja rubani.